Kiti cha Saba cha Kampuni ya Usumba

Kwa miaka minne nilikuwa karani wa Kampuni ya Usumba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika neno moja. Neno lenyewe ni "wameridhia". Nililiandika kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, kwa wino mzuri na kwa hati niliyofundishwa kwa bakora, kisha nikarudi nyumbani kumhadithia mke wangu Hamda jinsi wazee saba wazima wanavyoweza kukaa saa nzima bila ya hata mmoja kusema kitu. Siku hizo nilikuwa na ulimi mkali. Niliwacheka sana wazee wale, na Hamda akicheka pamoja nami, ingawa mkubwa wao alikuwa baba yake mzazi.

Baba yake huyo, Bwana Nasser bin Khalfan, ndiye aliyeianzisha kampuni, mwaka 1905 kwa hesabu ya Kizungu. Mashamba yake ya karafuu yalikuwa yamekwenda moja baada ya moja, akaona heri afanye biashara kama wanavyofanya watu wa siku hizi, kwa kampuni yenye karatasi na muhuri. Biashara aliyoichagua ni usumba. Kwa asiyejua, usumba ni zile nyuzi za makumbi ya nazi. Wanawake wa Makunduchi huyafukia makumbi mashimoni ufukweni, pale maji yanapopanda na kushuka, wakayaacha humo miezi minane au hata kumi mpaka yakaoza. Kisha huyafukua na kuyapiga kwa magongo, na nyuzi zinazobaki ndizo zinazosokotwa kamba. Makumbi yaliyoiva yana harufu mbaya mno, na nadhani ndiyo sababu katika wakubwa wote saba wa kampuni hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kuyaona.

Wakili wa Kihindi aliyetuandikia karatasi ya kampuni alisema baraza lake liwe na viti saba, kila kiti kiwe na sauti yake, na jambo liamuliwe kwa wingi wa sauti. Wazee walilipenda sana neno hilo. Kisha wakaenda wakakaa vile vile walivyozoea kukaa, barazani kwa Bwana Nasser katika mtaa wa Malindi hapa mjini, kwa mpango wa umri. Kahawa ilianza kwa mkubwa, na maneno yalianza kwa mkubwa. Bwana Nasser alisema kwanza, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alisema mwisho.

Sasa niambie, mkubwa akishasema, nani atafungua mdomo kumpinga? Mmoja alikuwa ndugu yake mdogo. Wawili walikuwa wamemwolea binti zake wakubwa. Bwana Msabah alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Wawili waliobaki walisoma naye chuo kimoja utotoni, mmoja haoni vizuri na mwengine hasikii, na nilikuwa nikimwambia Hamda kwamba tukiwaunganisha hawa wawili tutapata memba mmoja kamili. Zamu ikimfikia kila mmoja alisema "nimeridhia", mikono ikanyanyuliwa, ikasomwa Fatiha. Na Fatiha ikishasomwa, jambo limefungwa. Kulifungua tena ni utovu wa adabu mbele ya watu na mbele ya Mungu.

Ndivyo tulivyonunua mashine ya kusokotea kamba kutoka Bombay bila ya kumuuliza msokota kamba hata mmoja. Haikusokota hata pima moja. Ilikaa uani, kuku wakataga ndani yake, na Alkhamisi iliyofuata niliandika kwamba wazee wameridhia ifunikwe makuti. Mwaka wa kwanza, tulipokuwa hatujui kitu na kazi yote tumewaachia wanawake, kampuni ilikwenda vizuri. Kadiri tulivyozidi kukaa baraza ndivyo ilivyozidi kurudi nyuma, na mimi karani nikiyaona yote hayo na kuyachekea kwenye mkono wa kanzu.

Mkubwa wa wanawake wale alikuwa Bi Time, mtu mzima mwembamba, mikono yake imebabuka kwa maji ya chumvi. Walikuwa ishirini na saba, na kila mmoja alikuwa na shimo lake alilorithi kwa mama yake, naye mama kwa mama yake. Katika karatasi ya wakili mashimo yale yaliandikwa kuwa ni mali ya kampuni. Mimi ndiye niliyewasomea. Bi Time aliniuliza maana yake nini, nikamwambia ni maandishi tu, kampuni haiwezi kuanza na mikono mitupu. Nilikuwa nimeambiwa niseme hivyo, lakini hilo halinisaidii kitu sasa.

Mwaka wa tano, kusi ilipoanza kuvuma, mnunuzi mmoja wa Kizungu mwenye ghala pale Malindi alimwambia Bwana Nasser kwamba anataka robota mia mbili za usumba, na ziwe tayari meli yake itakaporudi baada ya miezi miwili. Bwana Nasser alimpa mkono pale pale. Kwake yeye mkono ulikuwa ndio mkataba, na heshima yake yote ilikuwa humo. Usumba ulio tayari haukufika robota thelathini, na mashimoni mlikuwa na makumbi ya miezi minne. Nikatumwa Makunduchi na punda nimwambie Bi Time ajitayarishe kufukua, baraza litakaa Alkhamisi ya pili kulipitisha.

Nilifika siku ya pili mchana, maji yametoka. Bi Time alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono kama anayemwongoza kipofu, akanipeleka ufukweni, akaondoa mawe juu ya shimo lake na kutoa kumbi moja. Lilikuwa gumu, jekundu, halinuki. Akalipiga kwa gongo juu ya jiwe, akachambua nyuzi na kunipa nizisokote. Nilizisokota mara mbili zikakatika.

"Umeona kwa macho yako," aliniambia. Alisema nami kwa Kiunguja cha mjini, polepole, ili nisipotewe na neno. "Hayajaiva haya. Yakipelekwa hivi yatarudishwa. Na kampuni ikianguka, mashimo yetu yanakwenda na karatasi yenu. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikamwambia ndivyo.

"Basi nenda kawaambie hao wazee. Waombe tungojee kusi iishe, miezi mitano sita, yaive. Mzungu atakasirika mwaka mmoja, lakini sisi hatuna pwani nyengine."

Nilimwambia mimi ni karani, na karani hana sauti barazani, kazi yake ni kuandika. Alinitazama muda mrefu. Sikupenda vile alivyonitazama, nikaaga mapema kwa kisingizio cha punda.

Niliporudi mjini nilikuta Bwana Msabah amefariki na watu wamo matangani. Hakuwa na mtoto, na fungu lake katika kampuni likamwangukia dada yake, Bi Mwanakheir, ndiye mama wa Hamda. Mwanamke hakai barazani pamoja na wanaume, kwa hivyo ilikuwa lazima apatikane wa kumkalia kiti. Bwana Nasser alisubiri mpaka siku ya tatu ilipokwisha, akaniita mbele ya watu, akaniweka mkono begani, akasema kiti hicho nitakikalia mimi, Majid. Alisema nina elimu na naijua kazi. Watu wakanipongeza. Nilimbusu mkono, na macho yalinilenga machozi kwa furaha, siwezi kuficha.

Nilifika nyumbani ndipo nikafahamu kwamba nimepewa kiti na mtu yule yule ninayetakiwa kumpinga.

Habari zilifika Makunduchi kabla ya Alkhamisi, maana wachukuzi wa punda hawana siri. Bi Time aliniletea salamu kwa mmoja wao. Alisema Mungu amejibu, sasa nina sauti, na wenziwe wote wameambiwa watulie, Majid atasema.

Usiku ule sikula vizuri. Hamda aliniuliza kuna nini, nikamweleza yote, kumbi lile gumu na nyuzi zilizokatika mkononi mwangu. Nilitarajia ataogopa. Badala yake aliniambia nimsemeshe baba yake kwa heshima lakini nimwambie kweli. Alisema watu wanamwogopa baba yake kuliko anavyostahiki, na kwamba yeye, tangu utotoni, hakumbuki mtu kumwambia baba yake hapana, ila mama, naye chumbani. Tukatunga maneno pamoja. Nitaanza kwa kumshukuru, nitataja neno lake kwa Mzungu na jinsi sote tunavyoliheshimu, kisha nitasema: lakini baba, makumbi hayajaiva, nimeyaona. Niliyasema mara nyingi mpaka Hamda akacheka, akasema sasa yamekaa.

Nilikwenda kwake asubuhi ya Alkhamisi ili nimwone peke yake, nikamkuta na wageni. Nikarudi adhuhuri, amelala. Alasiri ikaingia.

Tulikaa sote saba. Mimi nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na daftari langu mapajani, kwa sababu hakuna aliyefikiri kutafuta karani mwengine. Bwana Nasser alisema kwanza. Alieleza ahadi yake, akaeleza kwamba jina la kampuni limo katika ahadi hiyo, na kwamba rai yake ni makumbi yafukuliwe wiki hii. Hakusema kwa ukali. Nduguye akasema ameridhia. Yule asiyesikia alimtazama jirani yake, akaona kichwa kinaitikia, akaitikia naye. Yule asiyeona vizuri akaridhia, na wakwe wawili wakaridhia. Mmoja wao aliongeza kwamba jambo lenyewe halihitaji hata kuzungumzwa.

Zamu yangu ikafika. Sasa hapa nataka niseme kweli, maana kwa miaka nimejidanganya kwamba sikupewa nafasi. Nilipewa. Bwana Nasser aligeuka akanitazama, akasema mbele ya wote:

"Majid, wewe ndiye uliyefika kule. Makumbi yameiva, ama bado?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe ni fupi kuliko jina langu. Lakini watu wazima sita walikwisha ridhia kabla yangu. Nikisema bado, nitakuwa nimewaambia wazee sita, mmoja wao amenipa binti yake na kiti ninachokikalia, kwamba wameridhia jambo wasilolijua. Nilimfikiria Bi Time, wallahi nilimfikiria. Niliyaona maneno yote niliyotunga na Hamda, yamejipanga, na hakuna hata moja lililokubali kutoka.

"Rai ni yako, baba," nilisema. "Nimeridhia."

Hakunyanyua mikono mara moja. Aliendelea kunitazama kidogo, na mimi nikatazama chini kama nilivyofunzwa. Kisha akasema haya, Fatiha. Tukasoma. Nikafungua daftari nikaandika kwamba wote saba wameridhia, na kwa mara ya kwanza jina langu lilikuwamo miongoni mwao.

Usiku Hamda aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia zamu yangu ilifika wamekwisha kubaliana. Hakuniuliza tena, akaenda kumtazama mtoto wetu.

Makumbi yalifukuliwa. Bi Time hakubishana na amri. Niliambiwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoa mawe. Wanawake waliyapiga mpaka viganja vikachubuka, maana kumbi bichi halitoi nyuzi kwa hiari, na robota mia mbili zikafungwa kwa wakati. Siku ya kuzipeleka ghalani nilikuwepo mimi na wale wakwe wawili. Msimamizi wa ghala alichana robota ya kwanza kwa kisu, akavuta nyuzi, akazisokota kwenye paja. Zikakatika. Akachana ya pili, ya kumi, ya arubaini. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alisema neno moja kwa Kiingereza, mahamali wakaanza kuzitoa nje moja moja, wakazipanga barabarani mbele ya watu wote wa Malindi. Wakwe wenzangu waligeukia upande wa bahari. Mimi nilisimama pale, kwa kuwa sikujua mahali pa kwenda.

Baada ya hapo hakuna mnunuzi aliyetaka kusikia jina letu. Tulikaa baraza Alkhamisi tatu zaidi. Katika ya kwanza wazee waliridhia kwamba kosa ni la wanawake wa Makunduchi waliofukua vibaya. Niliandika. Katika ya mwisho waliridhia kampuni ivunjwe na mali yake iuzwe, na hilo nalo niliandika. Mashine haikupata mnunuzi. Mashimo yalipata, tajiri mmoja wa mjini aliyetaka pwani ile apige tanuu za chokaa. Alianza kwa kuyafukia.

Bwana Nasser hakushuka tena barazani. Alikaa juu, chumba cha mbele, madirisha yamefungwa nusu kwa ajili ya macho yake. Nilikuwa nikimwendea jioni kumsomea barua, na kwa muda mrefu hatukulitaja jambo lile. Siku moja nilikuwa nimekwisha simama kuondoka, akaniita.

"Mimi sikuwahi kuliona kumbi, Majid," alisema. "Mashamba yangu yalikuwa ya karafuu. Wale wengine nilijua hawajui. Nlikuuliza wewe."

"Naam, baba."

"Nlikuuliza kwa sababu nlitaka kujua."

Alingoja, kama alivyongoja siku ile, kisha akageuza uso dirishani na kuniambia nimsalimie Hamda. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye baraza tupu. Miaka yote ile nilidhani tunamnyamazia kwa sababu hataki kusikia. Lau mtu mmoja angemwambia bado, na mtu huyo ni mimi, angenyanyua mikono kwa jambo jengine kabisa, nasi tungelingoja kusi iishe.

Bi Time alikuja mjini mwezi uliofuata. Alikuja kwa miguu siku mbili, yeye na mwenzake mmoja aliyembakisha nje. Hamda alimtandikia mkeka na kumletea maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na akawa anaviangalia viganja vyake, vimekauka, vimeanza kuota ngozi laini kama ya mwanamke wa mjini. Alisema sasa wanachuma mwani wa kulishia mbuzi na wanakata kuni, na wengine wamekwenda kuvuna karafuu kwa watu. Alisema mashimo yamefukiwa mpaka lake, na alisimama akatazama mpaka mwisho kwa sababu hakutaka kusimuliwa.

Kisha akaniambia kilichomleta.

"Kule wapo wanaosema kwamba wewe ulinyamaza. Mimi nikawaambia hapana, yule kijana nyuzi nilizitia mkononi mwake, hawezi kunyamaza. Lakini nnataka nisikie kwako. Ulisema?"

Hamda alikuwa anamimina kahawa. Mkono wake ulisita.

"Nilisema, Bi Time," nikamjibu. "Hawakunisikiliza."

Alifumba macho, na nikaona kitu kilichokuwa kimemkaza uso kikimlegea. Alisema alhamdulillahi. Alisema alijua, na kwamba masikini akipata hata mmoja wa kumsemea mbele ya wakubwa, basi hajadhulumiwa peke yake. Akanishika mikono yote miwili kwa viganja vyake vile, akaniombea umri na watoto wema, akanywa kahawa, akainuka. Mlangoni aligeuka akasema atawahadithia wenziwe, na kwamba kila Ijumaa watanitia katika dua zao, maana hawana kitu chengine cha kunilipa.

Hamda alikusanya vikombe akaingia navyo ndani bila ya kunitazama. Mpaka leo, kila Ijumaa, wanawake ishirini na saba wa Makunduchi wananiombea Mungu, na mimi sina namna ya kuwaambia waache.